Kupeleka chakula na baiskeli Nairobi: vile unaeza anza na hesabu ikubali

Watu wengi wanaingia hii kazi wakidhani pesa iko kwa miguu, yaani ukipiga pedali kwa nguvu sana ndo utamaliza oda mingi. Kwa jam ya Nairobi baiskeli haihitaji kukimbia, gari likiwa Kilimani saa moja jioni karibu halisongi na hata mwenye pikipiki anakwama kila kona, kwa hivyo wewe ukienda zako mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa bado unafika na chakula kikiwa moto. Pesa inapotea kwa milima na kwa milango. Milima unaijua. Milango ni zile dakika unakaa jikoni ukingoja kuku aive na zile zingine unakaa getini soja (mlinzi wa geti) akitafuta namba ya nyumba. Ukishapanga hayo mawili vizuri kazi inalipa, usipopanga utachoka na jioni ukihesabu hutaona kitu. Naandikia mtu wa upande wa Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands juu huko ndo mikahawa na apatimenti zimebanana, lakini mengi yatakusaidia hata ukiwa kwingine.

Hatua ya 1: Makaratasi na apu

Tafuta kitambulisho, PIN ya KRA, na cheti cha tabia njema kutoka DCI (polisi wa upelelezi), hicho unaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050 alafu unaenda kutoa alama za vidole. Anza na hicho cheti mapema juu ndo kinachelewesha watu. Hakikisha laini ya simu na M-Pesa viko kwa jina lako mwenyewe, si la kaka yako, malipo yakikwama hutakuwa na wa kulaumu.

Jisajili kama mtu wa baiskeli, usidanganye uko na pikipiki ndo upate oda za mbali. Ukisema baiskeli kwa kawaida unapewa za karibu, na za karibu ndo unataka. Alafu usitegemee apu moja. Glovo wameingia Kenya 2019 na wako, lakini Jumia Food ilikuwa kubwa na ikafungwa mwisho wa 2023 kabisa, kwa hivyo kaa ukiwa umesajiliwa kwa mbili ama zaidi hata kama moja huitumii sana. Soma masharti ya kila moja kuhusu kukataa oda, kuna zenye zinakushusha ukikataa nyingi na kuna zenye hazijali, na hiyo itabadilisha vile unafanya hesabu nitakayokuonyesha mbele.

Hatua ya 2: Baiskeli

Usikope pesa kununua mpya. Mtumba nzuri yenye gia inatosha, muhimu fremu isiwe imepinda ama kuchomelewa, na ikutoshe, yaani ukikaa kwa siti na kisigino kiwe kwa pedali ikiwa chini kabisa mguu unyooke. Watu wengi wanaendesha siti ikiwa chini sana, magoti yanaanza kuuma baada ya wiki kadhaa na wanasema kazi ni ngumu kumbe ni siti. Ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, Black Mamba, ni imara kweli na kwa tambarare ni nzuri, lakini haina gia, na kwa milima ya huku itakumaliza.

Vitu vya kuangalia, na hapa usiharakishe:

Tairi. Kama imekuja na zile tairi za meno makubwa za porini, badilisha weka zenye mgongo laini, lami haitaki meno, yanakula nguvu yako bure. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, jaza ukaribie kile cha juu. Tyubu chukua zenye mdomo mnene kama wa gari ndo ujaze kwa petrol stesheni yoyote, zile za mdomo mwembamba zitakulazimu utembee na pampu yake kila mahali.

Cheni. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu hadi inchi 12. Cheni mpya pini inaangukia 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikipita kwa sehemu moja ya nane basi umechelewa, friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) nayo imeshaliwa na utanunua vyote viwili. Cheni ni bei ndogo ukilinganisha na friwili, kwa hivyo hii rula itakuokolea pesa kuliko ushauri mwingine wote humu. Na usipake oli chafu ya gari, inashika mchanga alafu mchanga unasaga chuma. Pangusa cheni na kitambaa kwanza, weka tone moja moja la mafuta ya cheni, ama ya cherehani ukikosa (yanaisha haraka mvua ikinyesha, utarudia), zungusha, alafu pangusa tena ya nje yote.

Breki. Raba zikiisha hadi kwa ile mistari iliyochongwa juu yake badilisha. Breki ya mbele ndo inasimamisha baiskeli zaidi, kuna mtu alidanganya watu eti usiiguse utarushwa, iguse, lakini taratibu na ukirudisha mwili nyuma.

Beba spana ya kufungua gurudumu, vijiti vya kutolea tairi, tyubu moja ya ziada, viraka na solusheni, pampu ndogo. Ukipata pancha na chakula cha mtu mgongoni weka tyubu mpya, usianze kubandika kiraka barabarani, hicho utabandika nyumbani jioni ukiwa umekaa. Lakini kabla hujaweka mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute mwiba ama chupa, hiyo ndo watu husahau na mpya inatoboka palepale.

Hatua ya 3: Chagua eneo kwa kuangalia mito

Hii ndo hatua naipenda na ndo watu hawafanyi. Nairobi upande wa magharibi imejengwa juu ya migongo ya ardhi, na katikati ya migongo kuna mito inateremka kuelekea mashariki. Ukiendesha ukifuata mgongo, unapata barabara ya kuvumilika. Ukikata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, unashuka mtoni alafu unapanda. Toka Yaya Centre uende Westlands kupitia Kileleshwa na utavuka Kirichwa Kubwa na bado mto Nairobi, ramani inakuambia ni karibu lakini miguu itakuambia vingine, na ukirudi ni hivohivo.

Kwa hivyo fungua ramani, tafuta mito, na uichukulie kama mipaka yako. Mfano mzuri ni kipande cha kati ya Ngong Road na Argwings Kodhek: uko na majengo ya maduka kama Prestige, Adams Arcade, Yaya, Adlife, na barabara za kuunganisha kama Ring Road Kilimani na Kindaruma, apatimenti ni nyingi mno na hakuna mpando mkali sana. Mwingine anaeza kaa Westlands tu, asishuke Chiromo kabisa. Mwingine Lavington, kati ya Valley Arcade na Lavington Mall. Kilomita tatu kutoka katikati ya eneo lako inatosha. Kitu cha kuogopa ni oda ya kukushusha Valley Road hadi katikati ya jiji jioni, kwenda ni raha, kurudi unapanda ule mlima wote bila oda na bila malipo.

Tembea hilo eneo siku moja bila kufungua apu. Jua geti ya kila jengo kubwa iko barabara gani, juu ramani mara nyingi inakupeleka nyuma ya ukuta. Jua njia za mkato za baiskeli, ile mitaa ya ndani iliyofungwa na mawe ama vizuizi gari haliwezi pita wewe unapita. Andika kwa simu.

Hatua ya 4: Hesabu ya kila oda

Usiangalie oda inalipa ngapi, angalia inalipa ngapi kwa dakika, ukihesabu kutoka unapoikubali hadi umerudi mahali unaeza pata ingine. Tuseme oda ya kwanza ni shilingi 120 na itakula dakika 40 na kurudi. Hiyo ni 180 kwa saa. Ya pili ni shilingi 90 lakini ni dakika 20 yote, hiyo ni 270 kwa saa. Ile ndogo ndo kubwa. Ukifanya hivi wiki moja utaona kuna mikahawa yenye huwezi enda tena na kuna mitaa yenye utaikubali ukiwa umefunga macho.

Nunua kadaftari. Kila siku andika umeingiza ngapi, umetumia ngapi kwa bando, chakula, fundi, na masaa umekaa barabarani. Weka kando kitu kidogo kila siku ya baiskeli, hata ikiwa haijaharibika, juu tairi na cheni zinaisha taratibu na bili yake inakuja mara moja.

Masaa yenyewe yanajulikana: saa 6 hadi saa 8 mchana, na saa 12 na nusu jioni hadi saa 3 usiku. Katikati hapo oda ni za kuvizia, ni heri ukapumzike ama uwe na shughuli ingine, kukaa juani saa 9 ukingoja mlio wa simu kunakuchosha kuliko kuendesha. Siku za mvua na wikendi zina masaa yake.

Hatua ya 5: Begi na chakula

Begi ya mgongoni ama sanduku kwa keria? Mimi nasema mgongoni kwa chakula cha maji maji na vinywaji, juu mwili wako unameza matuta, ukifika kwa shimo unainuka kidogo kwa siti, unakunja viwiko na magoti, na mchuzi haujui kama kulikuwa na shimo. Kwa keria kila tuta linaenda moja kwa moja kwa sahani. Ubaya wa mgongoni ni jasho na uzito kwa mabega, kaza mikanda begi ikae juu, isiteremke kwa kiuno.

Ndani panga hivi: vizito na vya moto chini, vinywaji baridi upande wao peke yao, na ziba nafasi zote tupu kwa taulo ama kadibodi ndo kitu kisitembee. Pizza lazima ilale, ukiisimamisha jibini yote inahamia upande mmoja na ni wewe utapigiwa simu. Chipsi acha mfuko wake wazi kidogo kwa juu, mvuke ukikosa pa kutokea zinalegea. Osha begi kila usiku na sabuni uiache wazi ikauke, chakula cha watu ni amana.

Hatua ya 6: Jikoni na getini

Jikoni ingia na salamu. Anayepakia ndo rafiki yako mkubwa wa hii kazi, si meneja. Ukifika uliza "Habari ya kazi dada, ile oda ya namba fulani imebakisha dakika ngapi?" na usikilize jibu vizuri. Akisema "sai sai" bila kuangalia nyuma, hiyo bado sana. Ukiona mkahawa unarudia kukuweka kila siku saa ya kilele uondoe kwa orodha yako. Kabla ya kutoka hesabu mifuko na vinywaji na risiti ikiwa mkononi, usifungue kilichofungwa, uliza tu.

Kwa geti ndo dakika hupotea zaidi, na hapa nataka ufanye kitu kimoja: piga simu ukiwa umebakisha dakika mbili hivi ufike (simama kando kwanza), usingoje ufike. "Habari madam, mimi ndo nimebeba chakula chako, niko karibu na geti, naomba umwambie soja anifungulie, na ni ploti gani na nyumba namba ngapi?" Ukifika soja ashajua. Soja naye msalimie kwa heshima, "Habari ya jioni mzee", andika kwa kitabu bila kunung'unika, utarudi hapo kesho na keshokutwa na yeye ndo atakuonyesha mahali pa kufunga baiskeli akiiangalia. Lakini bado ifunge, fremu na gurudumu kwa chuma kilichochimbiwa, hata kama unaenda juu dakika tatu. Lifti za hizo apatimenti za ghorofa nyingi zikijaa jioni unaeza ngoja sana, muombe kastoma kwa upole akutane nawe kwa lobi, wengi hukubali, na asiyekubali mpelekee hadi mlangoni bila uso wa hasira, saa zingine ni mama mwenye mtoto mchanga ama mgonjwa.

Hatua ya 7: Barabara yenyewe

Hapa soma pole pole.

Matatu ina mlango upande wa kushoto na wewe huwa unapita kushoto. Ikipunguza mwendo, hata mbali na steji, chukulia kwamba mtu anashuka, na hashuki akiangalia nyuma. Ama usimame nyuma yake ama upite kulia ukiwa umeangalia, lakini usijipenyeze kati ya matatu na ukingo wa barabara. Lori na basi refu ni mbaya zaidi: ikiwa mbele yako kwa makutano na haijawasha chochote usikae ubavuni mwake kushoto, ikikata kona gurudumu la nyuma linakata ndani kuliko la mbele na dereva hakuoni kabisa. Kaa nyuma yake ambapo unaona kioo chake, ukiona uso wake kwa kioo naye anaeza kukuona.

Magari yamesimama kwa jam, unapita katikati, sawa, lakini mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka tu. Mtu hufungua mlango kununua maji ama njugu, na watu wa miguu huvuka kati ya magari, na bodaboda anatoka upande usiotarajia. Kwa magari yaliyoegeshwa kando acha nafasi ya mlango mzima.

Kwa raundabauti kama huna ujasiri shuka, sukuma kwa miguu uvuke kama mtu wa kawaida. Hakuna oda inalipa kufa.

Ngong Road ile sehemu iliyopanuliwa iko na njia ya kando ya waenda miguu na baiskeli, itumie, ila jua utapata pikipiki zinakuja kinyume, na mafundi wa fanicha wametandaza viti, kwa hivyo ni ya kupunguza mwendo. Thika Road pia iko na njia kama hiyo. Expressway usijaribu hata kidogo, baiskeli na pikipiki haziruhusiwi huko juu.

Mvua na giza

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei na za vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hiyo ndo oda zinaongezeka, kwa hivyo lazima ujipange. Koti la mvua lisilo pana sana lisije likaingia kwa spoki, mfuko wa plastiki kwa simu, soksi kavu kwa begi. Breki za raba kwa rimu zenye maji zinachelewa kushika, anza kubana mapema uzipanguse maji kwanza ndo zishike. Rangi nyeupe za barabarani na vyuma vya mitaro vinateleza, vipite ukiwa umenyooka. Na usiingie kwa dimbwi usilolijua chini yake. Mifuniko ya mashimo ya maji taka huibiwa, maji yakifunika barabara huoni shimo, fuata mahali gari la mbele limepita.

Jua linatua karibu saa 12 na nusu mwaka wote, ina maana oda zako za jioni karibu zote ni za giza. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, koti la kung'aa, helmeti. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu cha usalama wiki hii, nunua taa ya nyuma. Earphone toa, masikio ni kioo chako cha nyuma.

Simu na malipo

Pakua ramani ya eneo lako itumike bila bando. Pawabenki ya mAh 10,000 inajaza simu ya 5,000 mara moja na zaidi kidogo, si mara mbili kama watu wanavyodhani, nguvu ingine hupotea njiani. Usiweke simu kwa usukani wazi jioni kwa jam, watu wananyakua, sikiliza maelekezo uiweke mfukoni wa mbele.

Kastoma akisema ametuma M-Pesa, usiamini meseji peke yake, juu za uongo zinatengenezwa zikafanana kabisa. Angalia salio lako kwa *334# ama kwa apu yenyewe ndo umpe chakula. Kama unapokea kashi, toka nyumbani na chenji ya noti ndogo, na pesa za watu usizichanganye na zako mfuko mmoja.

Mwili

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kama umetoka Mombasa ama Kilifi wiki hii utahema kwa mlima mdogo tu na utadhani umeugua, ni hewa, jipe wiki mbili hivi za oda chache. Kula kabla ya kilele, saa 5 mchana na saa 11 jioni, githeri, ugali, ndizi, kitu cha kukaa tumboni, usingoje njaa juu njaa ikishika ukiwa barabarani hata akili ya kuangalia matatu inapungua. Maji kidogo kidogo kila ukisimama. Panda mlima kwa gia nyepesi miguu ikizunguka haraka, usisukume gia nzito, magoti hayana spea.

Siku moja kwa wiki usiguse baiskeli.

Kwa kampuni wewe huhesabiwi mwajiriwa, ukiugua hakuna mshahara, kwa hivyo jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mwenyewe kwa *147#. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa mtu asiye na payslip wanataka ya mwaka mzima kwa pamoja, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole kama huna zote. Soma pia bima yenye apu inasema inatoa, inaanza kufanya kazi lini, na ni lazima uwe umewasha apu ama hapana, piga picha ya hiyo ukurasa uweke.

Na ukigongwa: toka barabarani kwanza. Usiruke juu useme niko sawa, damu ikiwa moto mtu husikia yuko sawa, kaa chini dakika kadhaa. Piga picha ya namba ya gari kabla dereva hajaondoka, piga za barabara na baiskeli, chukua namba ya simu ya mtu aliyeona. Ripoti polisi siku hiyo hiyo upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), bila hiyo bima yoyote itakusumbua. Kama kichwa kiligonga chini enda hospitali hata kama hakiumi, na hiyo helmeti usivae tena hata ikiwa haina ufa. Ndo sasa ufungue apu uwaambie chakula hakitafika.